Maji ya Bega, Maji ya Kisogo

Alhamisi ile, walinzi wa Wakala walipokuwa wanampiga Praygod kwenye banio, ukuta unaoyazuia maji ya mto, mkewe Kindness alikuwa jikoni anamenya ndizi za mtori, mtoto wao Jesse kamfunga mgongoni kwa kanga. Alhamisi alasiri ilikuwa zamu yao ya maji. Ilikuwa zamu yao tangu mababu wa Praygod walipouchimba Mfongo wa Lyatuu, mfereji wa maji, kwa majembe ya mti, wakayapitisha maji ya mto ubavuni mwa mlima, kihamba hadi kihamba, kila ukoo na kihamba chake cha migomba. Aliyekosa siku ya kuusafisha mfongo alitoa mbege, pombe ya ndizi, watu wakanywa, maneno yakaishia hapo. Hakuna aliyewahi kufa kwa ajili ya zamu. Watu walikufa kwa sababu nyingine.

Kiangazi hicho Wakala wa Taifa wa Mito na Vijito ulipanda mlimani na lango la chuma, kufuli na mita. Ukaufunga mdomo wa mfongo. Maji yote yakaelekezwa kwenye bomba kubwa, nusu iende mjini Moshi, nusu iende kwenye shamba la maua lililoko kando ya barabara ya Himo. Wenye mfongo wakaambiwa waombe kibali. Wakaomba. Wakaambiwa suala lao linashughulikiwa. Wakati linashughulikiwa, migomba ilianza kuinama mmoja mmoja, kama waumini wakati wa sala.

Praygod alichukua msumeno wa chuma akaufunga kwenye gunia. Alimfinya Jesse shavu akasema, "Mtori usiweke pilipili. Narudi sasa hivi."

Walinzi walikuwa watatu. Mkubwa wao aliitwa Shedrack, na alikuwa mashoto. Hawakumuuliza Praygod kitu, maana msumeno ulikuwa tayari umeshika kufuli. Shedrack alianza na bega la kulia, rungu likatoa sauti ya kuni kavu. Wa pili akamwingia mbavuni. Praygod alianguka majini, maji yakaosha bega na mbavu, na pale majini ndipo walipommalizia: taya, goti, mgongo, na mwisho kisogo. Kila rungu liliposhuka lilipita kwenye maji kwanza kabla ya kumfikia. Waliendelea mpaka mikono ikawachoka, wakakaa juu ya ukuta wa banio kupumzika, mmoja akatoa karanga mfukoni wakagawana.

Majirani walipomtoa, shati lake lilikuwa limelowa damu lakini mwilini hapakuwa na hata mchubuko. Alikuwa amelala. Alipumua vizuri, meno yote yalikuwepo, mifupa yote ilikuwa mahali pake. Akapelekwa hospitali mjini, daktari akampapasa kuanzia utosini hadi kwenye nyayo, akaandika kwamba mgonjwa hana jeraha. Wakala nao ukaeleza kwamba mwananchi mmoja aliteleza kwenye jiwe, na ukawakumbusha wananchi kuwa mawe ya mtoni yana utelezi. Baada ya siku chache Praygod akarudishwa nyumbani akiwa bado amelala, akalazwa kwenye kitanda cha chumba cha mbele, na Kindness akawa anamlisha mtori kwa kijiko, uleule usio na pilipili.

Siku ileile ya kipigo, huko mjini, mtaa wa Pasua, mama lishe mmoja aitwaye Kornelia alifungua koki aoshe mchicha. Maji yakatoka yakampiga taya la kulia. Alikaa chini, akatema meno mawili kiganjani, akayatazama, akafunga koki. Kisha akaifungua tena kidogo, kwa sababu mchicha ulikuwa bado una mchanga.

"Maji ya leo yana mkono," alimwambia jirani yake juu ya ukuta.

"Ya kwangu yalinipata mbavuni," jirani akajibu. "Wewe ulifungua saa ngapi?"

Haikuchukua muda watu wakajua mpangilio. Maji ya alfajiri yalipiga bega. Yaliyofuata yalipiga mbavu. Ya saa za mchana yalikuwa ya taya, kisha goti, kisha mgongo, na maji ya jioni yalikuwa ya kisogo. Kesho yake yalianza tena upya, maana mto hauchoki. Maji yaliyokingwa kwenye ndoo yalikaa na pigo lake, yakamsubiri atakayetia mkono wa kwanza. Ronald fundi viatu, aliyeoga jioni ili awahi kwaya, alikutwa bafuni kisogo kimebonyea kama sufuria iliyoanguka. Walimwosha kwa maji ya bega, kwa heshima. Aliyemwosha alirudi kwake mkono ukining'inia.

Watu wa mjini walizoea. Wanawake waliosha vyombo wamevaa helmeti za bodaboda za waume zao. Watoto wa shule walifundishwa kunawa wakiwa wamesimama ubavu. Na kwa kuwa vipigo vilikuwa vilevile kila siku, vikiingia upande uleule, mji mzima ukajua mambo ambayo polisi hawakuyajua. Walijua aliyepigwa alikuwa mtu mmoja. Walijua waliompiga walikuwa watatu, na mkubwa wao ni mashoto. Walijua pigo la kisogo lilitolewa akiwa amekwisha kulala chini. Kwenye vibanda vya chai watu walilijadili jambo hili kama mechi.

"Yule wa mbavu mvivu. Mkono wake hauna uzito."

"Mashoto ndiye fundi. Mashoto hakosei."

"Aliteleza kwenye jiwe, si ndivyo wanavyosema?"

"Basi jiwe lina mikono sita."

Shedrack alipokuwa akishuka mjini kununua vocha, watu walimpisha njiani, wakamwamkia, wakajishika bega la kulia.

Wakala haukukaa kimya. Ulimtuma Mhandisi Evelyn, binti makini mwenye kofia ngumu na buti, akapima. Alipigwa mara nyingi kwa siku moja bila kulalamika, akapeleka majibu. Haukupita muda, ratiba ya mgao ikatangazwa kwa kipaza sauti mtaa kwa mtaa. Maji ya bega, ambayo ni mepesi, yangekwenda kwenye shamba la maua na kwenye mahoteli, kwa kuwa hao ni wateja wakubwa na wageni hawajazoea. Maji ya mbavu na taya yangekwenda kwenye ofisi na maduka ya katikati ya mji. Maji ya goti, mgongo na kisogo yangekwenda Pasua. Wananchi waliombwa kuwa wavumilivu.

Pasua walivumilia. Walizika fundi cherehani, wakazika bibi mmoja aliyesahau, wakazika mapacha.

Jumanne moja Mhandisi Evelyn alitaka kujua kama vipigo vinatoka mtoni au vinatokea ndani ya bomba. Akaamuru koki kuu ifungwe mchana, mji mzima na shamba pia, asipate maji hata mtu mmoja. Saa hiyo Kindness alikuwa kwenye chumba cha mbele anamlisha Praygod. Mama mkwe wake, Eliaichi, alikuwa kizingitini anapukuchua maharage.

Bega la kulia la Praygod lilivunjika. Kindness aliisikia ile sauti ya kuni kavu, akaona mfupa ukisukuma ngozi. Kisha mbavu zikaingia ndani, zikafuatana kama vitasa vya mlango. Taya likahama upande, damu ikatoka puani ikaingia kwenye bakuli la mtori. Goti likageuka. Macho yake hayakufumbuka. Kindness alimshika kichwa kwa mikono miwili, akakifunika kisogo kwa viganja vyake, kwa kuwa habari za mjini zilikuwa zimemfikia, na alijua pigo la mwisho ni la wapi. Mjini, Evelyn akaridhika na vipimo vyake, akaamuru koki ifunguliwe. Maji yakatiririka. Goti likarudi, taya likarudi, mbavu zikainuka, bega likajifunga, na huko Pasua mtu akapiga yowe.

Kindness alifuta damu kwa ncha ya kanga.

"Mama, vinarudi kwake," alisema. "Maji yakisimama, vinarudi kwake."

"Nimeona," Eliaichi akajibu. "Mwaga huo mtori, mpikie mwingine."

Jioni hiyo Eliaichi alimchukua mkwewe hadi kwenye lango la chuma, upande wa chini, ambako walinzi hawaangalii. Pale kufuli lilipokatwa nusu na msumeno, lango lilikuwa halikazi sawasawa, na uzi mwembamba wa maji ulikuwa unapenya na kudondokea kwenye mfongo mkavu. Kila tone lilipoanguka ardhi ilitoa mshindo: bega, mbavu, taya. Udongo ulitetemeka kidogo ukatulia. Pembeni ya dimbwi dogo lililotuama hapo magimbi yalikuwa yameota, majani yake mapana kuliko sinia.

"Udongo umezoea jembe," Eliaichi alisema. "Hauumii. Wangefungua mfongo, vyote vingepita vihambani, vingeliwa na migomba. Kusingekuwa na wa kupigwa tena. Si mjini, si mwanangu."

Hilo lilikuwa jambo la kawaida kabisa, na mtu yeyote mwenye kihamba angelisema. Walilipeleka ofisini kwa Wakala. Walipokewa vizuri, wakapewa viti, wakaelezwa kwamba mfongo hauna kibali.

Meneja wa Wakala aliitwa Filemon. Alikuwa mtoto wa mlimani, alizaliwa kijiji cha pili kutoka hapo, akasoma mbali, akarudi na gari refu. Malalamiko ya mahoteli yalipozidi, maana wageni walikuwa wanarudi kwao na mikono shingoni, Filemon alikumbuka kitu ambacho hakikufundishwa huko alikosoma. Alikumbuka isale.

Upande ule wa mlima, jani la isale halikataliwi. Hata muuaji wa mwanao akikuletea isale, unalipokea, na ukishalipokea jambo limekwisha, halirudi mdomoni tena. Kila kilichotoka kwa sababu ya lile kosa kinarudi kwa aliyekosewa na kufunikwa. Na anayelileta naye ana sheria yake. Hulishika kwa mikono miwili. Haketi, halitui chini, hageuki nyuma, mpaka lipokewe.

Basi asubuhi moja gari refu lilisimama njiani, Filemon akashuka na suti ya kijivu. Mikononi alikuwa ameshika isale, bichi, ndefu, imefungwa utepe. Alikuwa ameitoa kwenye shamba la maua, ambako huoteshwa ndani ya nyumba za plastiki kwa ajili ya kupamba. Alisimama katikati ya uwanja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba," Eliaichi alisema. "Aliyepiga yuko wapi?"

"Yuko kazini, mama. Mimi nimekuja kwa niaba."

"Kwa niaba." Eliaichi alilitafuna neno hilo. "Zamani isale ililetwa na mkono uliopiga. Siku hizi unatumwa mkono uliovaa saa."

Filemon aliinamisha kichwa, kwa kuwa alilelewa vizuri. Kisha akamgeukia Kindness, aliyekuwa mlangoni na Jesse mkononi.

"Mama Jesse, nimeleta isale. Yaliyotokea yametokea. Tusameheane, maji yatulie."

"Na vipigo vitaenda wapi?"

"Hilo si la Wakala. Wakala unashughulika na maji."

"Vitarudi kwake, baba. Niliona. Atavunjika hapo hapo kitandani, na safari hii hakuna koki ya kufungua."

Filemon alitazama ncha ya viatu vyake. Alijua. Mhandisi Evelyn alikuwa amemweleza, kwa kuwa Evelyn hakuwahi kuficha vipimo.

"Fungua mfongo basi," Kindness akasema. "Vipite vihambani viishie udongoni. Nitaipokea isale leo leo, na mbege nitapika mwenyewe."

"Mfongo hauna kibali."

"Anayetoa kibali ni nani?"

"Ni Wakala."

"Na wewe ni nani?"

"Ni meneja," alisema Filemon. "Kibali kinatoka makao makuu. Linashughulikiwa."

Kuku walipita katikati yao. Majirani walikuwa wamekwisha kusogea kwenye ua, wakitazama, na wote walijua kwamba Kindness hana njia. Mwanamke anayekataa isale hazikwi na watu. Watoto wake hawaolewi wala hawaoi. Kindness alimtazama Jesse, akamtazama meneja, akatazama mlango wa chumba cha mbele ambako pumzi ya mumewe ilisikika ikiingia na kutoka.

Kisha akavuta kigoda akakaa.

"Isale sikatai," alisema kwa upole. "Nani akatae isale? Ila mtoto ana njaa. Nimnyonyeshe kwanza, nikimaliza naipokea."

Akafungua kifungo cha blauzi. Jesse akashika ziwa.

Eliaichi alicheka kidogo kwa pua. Mama anayenyonyesha naye haharakishwi, si na baba mkwe, si na mchungaji, si na mgeni aliyekuja na isale. Hiyo nayo ni desturi ya zamani, na Filemon aliijua. Alisimama kusubiri.

Alisubiri asubuhi hiyo na mchana wake. Jioni dereva alimletea mwavuli. Siku zilizofuata Wakala ulipeleka meza uwanjani, na karani wa kumshikia simu sikioni, kwa kuwa mikono yake haikuwa huru. Vikao vya bonde zima vilifanyika hapo chini ya migomba, wajumbe wamekaa kwenye madebe, meneja amesimama. Alilishwa na mkewe kwa kijiko. Alilala wima. Kindness alimsalimia kila asubuhi akamkaribisha chai, na kila asubuhi Jesse alikuwa ananyonya.

Siku moja, habari za isale na za mume aliyelala zilipofika Pasua, Kornelia alipanda mlimani. Alikuja kwa miguu kuanzia barabarani, taya limevimba, helmeti mkononi. Alimpita meneja kama anavyopita nguzo.

"Wewe ndiye mwenye mume?"

"Ndiye mimi. Karibu, dada."

Kornelia alimpiga kofi. Lilikuwa kofi la mtu aliyejifunza kwa mwalimu mzuri, Kindness akaona nyota, mdomo ukapasuka. Hakumtoa Jesse kwenye ziwa.

"Pasua tunazika kila wiki," Kornelia alisema. "Mimi nimebaki na meno ya upande mmoja, nakula uji kama kichanga. Jana maji yamemvunja mgongo mwanangu wa kwanza. Na wewe umekaa hapa kwenye kigoda, isale imesimama mbele yako, unanyonyesha."

"Ndiyo, dada."

"Mumeo ni mmoja. Sisi ni mtaa."

Machozi yalimtoka Kindness, yakamdondokea Jesse kwenye paji la uso.

"Ingia umwone," Eliaichi alimwambia mgeni.

Kornelia aliingia chumba cha mbele. Alikaa humo mpaka kivuli cha mgomba kikahama. Aliligusa bega la kulia la Praygod, zima kabisa, kisha akagusa lake. Aligusa taya la Praygod, akagusa la kwake. Kila alipogusa alijua ni mkono wa nani. Alipotoka alisimama mbele ya Filemon, karibu kabisa, akamtazama kwa muda.

"Na huyu ni mti gani?"

"Ni meneja," Eliaichi alisema.

Kwa kweli swali halikuwa la ajabu. Isale ni mmea mgumu, hata ukiutupa jalalani unaota, na mikononi mwa Filemon ulikuwa umetoa mizizi. Ilikuwa imepita kati ya vidole, ikauzunguka mkanda wa saa, ikaanza kuingia chini ya ngozi ya viganja. Alikuwa amelalamika siku za mwanzo. Sasa alikuwa anaimwagilia.

"Mfongo wenu wangefungua ingekuwaje?" Kornelia aliuliza.

"Ingeisha," Eliaichi alisema. "Kwenu na kwetu."

"Na hawafungui."

"Linashughulikiwa," alisema Filemon.

Kornelia alicheka, damu ikamtoka kwenye fizi. Alivaa helmeti yake, akaenda jikoni ambako vyombo vya jana vilikuwa vimelala kwenye beseni. Maji yalikuwa ya mgongo, Eliaichi aliyakinga kwenye bomba la barabarani mchana. Kornelia alijigeuza ubavu kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni, akatia mkono. Pigo likamwingia begani badala ya uti wa mgongo. Aliguna, akaokota sabuni, akaosha sufuria zote, bakuli la mtori na kijiko.

Alipomaliza alikuja kusimama karibu na kigoda, mikono ikichuruzika maji. Alimwinamia Jesse.

"Ameshiba?"

"Bado," Kindness alisema.

"Mwache anyonye." Kornelia alifuta mikono kwenye sketi. "Kesho nitakuletea mchicha, maziwa yasije yakakauka. Ila lile kofi sikuombi radhi."

"Hapana, dada. Usiombe."

Masika yalikuja. Mto ulijaa mpaka ukaruka banio, na Wakala ukaongeza kufuli la pili kwenye mfongo. Shedrack alipandishwa cheo akapewa buti mpya na walinzi zaidi. Mgao uliendelea kama ulivyotangazwa, bega kwa wateja wakubwa, kisogo Pasua. Maua ya shamba yaliota yameinama upande wa kulia, na wanunuzi wakayapenda hivyo hivyo. Kornelia alipanda mlimani na mchicha, na baada ya muda akaja na wanawake wengine wa Pasua, mmoja na magongo, mmoja na kilemba cheusi, wakakaa uwanjani wakimzunguka mama anayenyonyesha, wakamletea ndizi, maziwa ya mgando na supu ya kongoro. Walimtazama meneja.

Jesse aliota meno. Alijifunza kutembea kwa kushika suruali ya kijivu ya Filemon, akiizunguka kama nguzo ya uwanja, kisha anakimbia kurudi kwenye kigoda na kufungua kifungo mwenyewe. Isale ilikuwa imefika mabegani mwa meneja, na ndege mdogo wa kijani alikuwa ametaga nyuma ya sikio lake. Kila asubuhi, sauti yake ikiwa nyembamba kwa ajili ya majani, aliuliza kilekile.

"Mama Jesse. Mtoto ameshiba?"

Kindness alisikiliza kwanza. Ndani ya chumba cha mbele, pumzi iliingia, ikatoka. Mbali chini, mjini, mtu alifungua koki, na sauti yake ikapanda mlima hadi hapo. Wanawake wa Pasua wakainamisha vichwa.

"Bado kidogo, baba," alisema, akamhamishia Jesse ziwa la pili.